Mwongozo Kamili: Kodi na Ununuzi Bila Ushuru Ndani ya Meli za Kitalii za Ulaya

Kwenye meli za kitalii zinazozunguka Mediterania na Baltiki, chupa ileile ya manukato, kwenye rafu ileile, inaweza kuuzwa kwa bei mbili ndani ya safari moja. Jana ilikuwa na kodi, leo haina, kesho kodi inarudi. Kinachobadilika ni bandari ambayo meli imetoka na bandari inayoelekea. Hilo ndilo ningependa kila msafiri alishike kabla hajatoa kadi yake dukani: soma njia ya meli kwanza, bei baadaye. Bango la "bila ushuru" lililoning'inizwa mlangoni halikuhakikishii kitu.

Mwongozo huu ni kwa abiria anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kwa viza ya Schengen, kwa ndugu zetu wanaoishi Ulaya, London au Muscat, na kwa vijana wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi ndani ya meli hizo. Sheria zinawagusa kwa namna tofauti, na nitaonyesha wapi.

Kodi zenyewe ni tatu

Ya kwanza ni VAT, ambayo Ulaya imo tayari ndani ya bei unayoiona. Hispania ni asilimia 21, Italia 22, Ugiriki 24, Ufaransa 20, Ujerumani 19, Kroatia 25, Malta 18. Ya pili ni ushuru wa bidhaa, unaotozwa kwenye pombe na tumbaku. Huu ndio unaoifanya sigara iwe ghali Ufaransa kuliko nchi nyingi za jirani. Ya tatu ni ushuru wa forodha, unaotozwa bidhaa inapoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje.

Ununuzi usio na ushuru kwa kweli ni ule usio na zote tatu. Kuna wakati unasamehewa moja na kutozwa nyingine, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Zamani mambo yalikuwa mepesi: ukivuka kutoka nchi moja ya Umoja kwenda nyingine kwa meli au ndege, ulinunua bila kodi. Soko la pamoja lilipoanza mwaka 1993, mawaziri wa fedha walikuwa wamekwisha kuamua kuwa utaratibu huo hauna mantiki tena, kwa sababu mpaka wa kodi kati ya nchi wanachama ulikuwa umeondolewa. Wenye maduka na kampuni za meli walipewa muda wa kujipanga, na muda huo ulikwisha tarehe 30 Juni 1999. Tangu hapo, safari ya kutoka nchi ya Umoja kwenda nchi nyingine ya Umoja haina bidhaa za bila kodi. Ukisikia mtu mzima akisimulia jinsi alivyonunua konyagi ya Kifaransa kwa bei ya kutupa kati ya Italia na Ugiriki, mwulize ilikuwa mwaka gani.

Hatua ya kwanza: ziorodheshe bandari zako na uzigawe

Chukua ratiba ya meli, andika kila bandari kwa mpangilio wake, kisha weka alama kwenye zile zilizo nje ya eneo la VAT la Umoja wa Ulaya. Usiangalie ramani ya bara wala sarafu inayotumika. Montenegro inatumia euro, lakini haimo kwenye Umoja. Denmark haitumii euro, lakini imo.

Zilizo nje moja kwa moja ni Uturuki, Montenegro, Albania, Norwe, Moroko, Tunisia, Misri na, tangu tarehe 1 Januari 2021, Uingereza. Kroatia watu huikosea: imo ndani tangu 2013, kwa hiyo Dubrovnik ni bandari ya Umoja wakati Kotor, iliyo jirani yake kabisa, si ya Umoja.

Halafu kuna visiwa na vipande vya ardhi ambavyo ni vya nchi wanachama lakini vina hadhi ya peke yake. Visiwa vya Kanari ni Hispania, vimo ndani ya forodha ya Umoja, lakini viko nje ya eneo la VAT na la ushuru wa bidhaa. Huko hutozwa kodi yao wenyewe iitwayo IGIC, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 7. Ceuta na Melilla pia ziko nje. Kisiwa cha Heligoland cha Ujerumani kiko nje ya forodha na nje ya VAT. Madeira, ambayo meli nyingi huiunganisha na Kanari katika safari moja, imo ndani kabisa.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote ni Åland, visiwa vya Finland vilivyo katikati ya Baltiki. Finland ilipojiunga na Umoja mwaka 1995, mkataba wake uliviacha visiwa hivyo nje ya eneo la kodi. Ndiyo maana meli zinazokwenda kati ya Stockholm na Helsinki au Turku hupita Mariehamn au Långnäs, nyingine usiku wa manane na kwa muda mfupi tu. Kituo hicho ndicho kinachoyaruhusu maduka yao kuuza bila kodi mpaka leo, miaka mingi baada ya 1999.

Hatua ya pili: tafuta dirisha lako, yaani muda wa kununua bila kodi

Sheria ya VAT ya Umoja inasema hivi kwa ufupi: bidhaa inayouzwa ndani ya meli, katika kipande cha safari kilicho ndani ya Umoja, inatozwa kodi ya mahali kipande hicho kilipoanzia. Kipande huhesabiwa tangu bandari ya kwanza ya Umoja ambako abiria hupanda hadi bandari ya mwisho ya Umoja kabla ya kituo cha nje. Meli ikisimama nje, kipande kimekatika. Ikirudi bandari ya Umoja, kipande kipya kinaanza.

Je, kusimama saa chache tu kunahesabika? Mwaka 2005 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliijibu hoja hiyo katika kesi C-58/04, ijulikanayo kama Köhler, iliyohusu duka la ndani ya meli ya kitalii iliyoondoka Ujerumani. Mahakama ilisema kwamba kituo kwenye nchi ya nje, ambako abiria wanaweza kushuka hata kwa muda mfupi, kinatosha kukata safari. Maduka ya meli za kitalii yanaitegemea hukumu hiyo mpaka leo.

Tuweke kwenye ratiba halisi. Meli inatoka Piraeus, inapita Mykonos, inavuka kwenda Kuşadası nchini Uturuki, inarudi Rhodes, Santorini, na kumalizia Piraeus. Kati ya Piraeus na Mykonos unanunua kwa bei yenye VAT ya Ugiriki. Meli ikiondoka Mykonos kuelekea Kuşadası, dirisha limefunguka. Linabaki wazi mpaka meli ifike Rhodes. Kuanzia Rhodes, bei za kodi zinarudi. Katika wiki nzima ya safari, basi, ununuzi wa bila kodi unaweza kuwa wa jioni moja na usiku mmoja. Ukingoja siku ya mwisho, umechelewa.

Sasa chukua ile njia maarufu ya Barcelona, Marseille, Genoa, Naples, Palermo, Valletta na kurudi Barcelona. Haina hata kituo kimoja cha nje. Dirisha halipo. VAT ya Hispania inakufuata tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kuwa Barcelona ndipo safari ilipoanzia, hata ukinunua mkufu meli ikiwa inaipita Sicily. Duka linaweza kuwa na punguzo la bei, na punguzo ni jambo jema, lakini usilipe kwa kuamini kuwa umesamehewa kodi.

Safari ya kutoka Kiel kwenda Bergen na bandari nyingine za Norwe ni kinyume chake: hakuna bandari nyingine ya Umoja katikati, kwa hiyo dirisha linafunguka meli ikitoka tu Ujerumani.

Jambo la kuzingatia: meli ikiwa imefunga gatini, maduka yake kwa kawaida hufungwa, kwa sababu hapo sheria za kodi na leseni za nchi ile zinashika. Hufunguliwa meli ikishatoka. Panga muda wako kwa kulijua hilo. Na usisite kwenda kwenye dawati la huduma na kuuliza waziwazi: "Ununuzi nikiufanya usiku wa leo una VAT au hauna?" Wanajua, na swali hilo wameshalizoea.

Vinywaji, chakula na huduma

Mlo na kinywaji unachohudumiwa melini navyo hufuata kanuni ya mahali kipande cha safari kilipoanzia. Nchi wanachama zina ruhusa ya kusamehe bidhaa zinazotumiwa humohumo ndani ya meli, na ndiyo sababu bili ya baa inaweza kuwa na VAT kwenye njia moja na isiwe nayo kwenye njia nyingine ya kampuni ileile. Masharti ya kampuni nyingi yana kifungu kinachosema VAT ya nchi husika itaongezwa juu ya bei ya orodha. Kisome kabla ya kununua kifurushi cha vinywaji, kwa sababu kodi ikija juu ya bei pamoja na tozo ya huduma, hesabu yako ya nyumbani itavurugika.

Hatua ya tatu: linganisha bei kabla ya kufurahi

Kuondolewa kodi si sawa na kuuziwa kwa bei nafuu. Maduka ya melini mara nyingi huendeshwa na makampuni ya nje kama Starboard au Harding, yenye kodi ya pango na faida ya kutafuta. Kabla ya safari, andika kwenye simu bei za vitu viwili vitatu unavyovitaka hasa, kwenye duka la kawaida la mtandaoni. Melini intaneti ni ghali na ya kusuasua. Usitegemee kutafuta bei ukiwa umesimama mbele ya kaunta.

Pombe kali na sigara ndizo zenye nafuu ya kweli, kwa kuwa zinasamehewa VAT pamoja na ushuru wa bidhaa. Manukato na vipodozi hutegemea chapa. Saa na vito, kwa maoni yangu, visinunuliwe melini ila na mtu aliyefanya utafiti wake nchi kavu. Angalia pia sarafu: akaunti yako ya melini ikiwa kwa dola na benki yako inatoza ada ya kubadilisha fedha, sehemu ya nafuu inaliwa hapo.

Hatua ya nne: heshimu viwango vya kuingizia

Dirisha lina gharama yake. Ukinunua bila kodi baada ya kutoka Umoja, siku utakaposhuka na mzigo huo kwenye bandari ya Umoja unahesabiwa kama mtu anayeingia kutoka nje, na viwango vya msamaha vinakuhusu. Kwa msafiri wa baharini au angani ni hivi:

- sigara 200, au sigara ndogo zilizokunjwa kwa jani la tumbaku (cigarillo) 100, au sigara kubwa (cigar) 50, au tumbaku gramu 250 (nchi wanachama zinaruhusiwa kushusha kiwango hiki hadi sigara 40);
- pombe kali ya zaidi ya asilimia 22, lita 1, au kinywaji kisichozidi asilimia 22, lita 2;
- pamoja na hayo, mvinyo wa kawaida lita 4 na bia lita 16;
- bidhaa nyingine zote, manukato yakiwemo, zenye thamani isiyozidi euro 430.

Msamaha wa pombe na tumbaku haumhusu aliye chini ya miaka 17. Kwa walio chini ya miaka 15, nchi inaweza kushusha ile euro 430 hadi euro 150. Na nyie mnaofanya kazi melini, sikilizeni: sheria inaziruhusu nchi kuwawekea mabaharia viwango vya chini kuliko vya abiria. Ulizia ofisi ya wafanyakazi ya meli kabla ya kushuka na katoni ya sigara.

Kitu kimoja hakigawanyiki. Ukiwa na mkoba wa euro 600, huwezi kusema utalipia zile 170 zilizozidi. Unalipia zote 600. Wala mume na mke hawawezi kuunganisha misamaha yao kwa kitu kimoja cha euro 800. Kwa mizigo ya abiria isiyo ya biashara yenye thamani hadi euro 700, ushuru wa forodha huwa wa mkupuo wa asilimia 2.5. Tuseme unashukia Piraeus na mkoba huo: asilimia 2.5 ya 600 ni euro 15, halafu VAT ya asilimia 24 juu ya 615 ni euro 147.60. Jumla euro 162.60. Nafuu uliyoisherehekea usiku wa Kuşadası imeyeyuka, na ukipita mlango wa kijani bila kutangaza, kuna faini juu yake. Pita mlango mwekundu, lipa, pata karatasi yako.

Kama safari yako ni ya ndani ya Umoja tupu na umeshalipa kodi, viwango hivyo havikuhusu. Unabeba kwa matumizi yako. Hapo maofisa huanza kuuliza maswali mtu akizidisha vipimo vya mwongozo, kwa mfano sigara 800, pombe kali lita 10 au mvinyo lita 90.

Wanaomalizia safari Southampton wana viwango vya Uingereza: pombe kali lita 4, mvinyo lita 18, bia lita 42, sigara 200, na bidhaa nyingine za pauni 390.

Nyama na maziwa kutoka nchi nyingi za nje havina kiwango chochote. Haviingii Umoja wa Ulaya. Jibini ya Uturuki ile ulie hukohuko.

Hatua ya tano: VAT ya bandarini unaweza kurudishiwa

Hapa ndipo msafiri wa Afrika Mashariki anaweza kuokoa fedha nyingi kuliko kwenye duka lolote la meli, na inanisikitisha kuona watu wakiiacha. Mkazi wa nje ya Umoja anayenunua kwenye maduka ya mjini Barcelona, Genoa au Athens ana haki ya kudai VAT, mradi bidhaa itoke Umoja kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi wa ununuzi. Ulichonunua tarehe 10 Julai kitoke kabla Oktoba haijaisha.

Kinachoangaliwa ni makazi, si rangi ya pasipoti. Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Ujerumani hadai, kwa sababu makazi yake yamo ndani. Mtanzania anayeishi London anadai, kwa kuwa Uingereza imetoka. Wa Muscat anadai.

Kima cha chini kwa risiti hutofautiana. Hispania ilikiondoa mwaka 2018. Italia ilishusha chake mwezi Februari 2024, sasa inatosha kuzidi euro 70. Ujerumani ni zaidi ya euro 50, Ufaransa zaidi ya 100.

Dukani, sema kabla ya kulipa kuwa unataka fomu ya kurudishiwa kodi na uonyeshe pasipoti yako. Ndani ya bei ya euro 1,210 Hispania mna VAT ya euro 210. Hutazipata zote: kampuni zinazoshughulikia marejesho, kama Global Blue na Planet, hukata ada yao. Hata hivyo ni fedha ya maana.

Mhuri wa forodha, au uthibitisho wa mashine ya kielektroniki kama DIVA ya Hispania, unapatikana mahali unapotoka Umoja kwa mara ya mwisho ukiwa na bidhaa hiyo. Kusimama Kuşadası katikati ya safari na kurudi Ugiriki si kutoka kwa mwisho. Kama meli inamalizia Istanbul na unarukia hapo kwenda nyumbani, thibitisha kwenye bandari ya mwisho ya Umoja. Kama inamalizia Barcelona na unapanda ndege ya kuunganisha Frankfurt, bidhaa iliyo kwenye begi la mkononi inathibitishwa Frankfurt. Iliyo kwenye begi linalokwenda moja kwa moja hadi nyumbani ithibitishwe Barcelona, kabla ya kulikabidhi begi. Ofisa ana haki ya kukiona kitu chenyewe, kwa hiyo usikizike chini ya nguo. Fika uwanjani mapema. Foleni za Julai na Agosti ni ndefu.

Utaratibu huu ni wa maduka ya nchi kavu. Uingereza usiutafute kabisa: Uingereza Bara iliufuta tarehe 1 Januari 2021, ukabaki Ireland ya Kaskazini.

Hatua ya sita: kufunga mizigo na kufika nyumbani

Chupa za pombe unazonunua melini kwa kawaida huhifadhiwa na duka na kuletwa chumbani mwishoni mwa safari. Mara nyingi hazimo kwenye ule mfuko maalumu uliofungwa kwa lakiri wa viwanja vya ndege, kwa hiyo ukiziweka kwenye begi la mkononi zitachukuliwa kwenye ukaguzi. Ziviringishe nguo, ziweke kwenye begi la kukabidhi. Pombe ya kati ya asilimia 24 na 70 mwisho ni lita 5 kwa mtu. Iliyozidi 70 haipandi ndege.

Ukiwa na fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi, zitangaze unapoingia na unapotoka Umoja.

Mali bila daftari huisha bila habari: weka risiti zote kwenye bahasha moja na uzipige picha. Zitakufaa tena kwa maofisa wa TRA, KRA au URA. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu abiria mwenye miaka 18 au zaidi kuingia na pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, tumbaku isiyozidi gramu 250, na manukato pamoja na maji ya kujipulizia yasiyozidi nusu lita, ambamo manukato yenyewe yasizidi robo. Thamani ya vitu vingine vinavyosamehewa iangalie kwenye tovuti ya mamlaka ya nchi yako wiki ya kurudi, na bidhaa inayozidi itangaze mwenyewe kabla hujaulizwa.

Ile mifuko ya plastiki ya dukani iache kabla hujatua. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na abiria anayeshuka nayo uwanjani anatakiwa kuiacha hapohapo. Beba mfuko wa kitambaa kwenye begi la mkononi.